Je, mzee auze kiwanja nikasomee uzamili wa uhandisi mitambo Uingereza?

Swali: Nina umri wa miaka 27. Nilihitimu shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo mwaka 2022 kwa GPA ya 3.4, na tangu 2023 nipo kitengo cha matengenezo katika kiwanda cha saruji, huku nikiendelea na SEAP, mafunzo ya vitendo ya wahandisi wahitimu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania, ambayo yamebakiza miezi michache. Nimepata udahili wa uzamili wa uhandisi mitambo katika chuo kimoja cha Uingereza, kozi ya mwaka mmoja, bila ufadhili. Baba yuko tayari kuuza kiwanja chake ili nilipe ada. Kazini wamenikatalia ruhusa ya masomo yenye malipo. Je, niende, nisubiri ufadhili, au nisome hapa nyumbani? Ninachopenda ni mashine zinazozunguka. Feni kubwa ya tanuri letu imebadilishwa beringi mara tatu ndani ya miezi 14 na hakuna anayejua sababu.

Jibu: Dada yangu, sentensi yenye uzito kuliko zote katika barua yako umeiweka mwishoni, kana kwamba ulikuwa unaaga. Barua nyingi za aina hii zinazonifikia huanza na jina la nchi, zikaendelea na ada, zikaishia kwenye viza, na ni chache mno zinazotaja mashine. Wewe umetaja feni moja, mahali ilipo na idadi ya beringi ilizokula. Nitajibu maswali yako yote matatu, lakini nitayajibu nikiwa nimesimama mbele ya feni hiyo, kwa sababu uzoefu wangu wa kusimamia wanafunzi umenionyesha kwamba uzamili wa uhandisi mitambo hulipa kwa kadiri ya swali ambalo mwanafunzi anaingia nalo, na jina la chuo huja nyuma yake kwa mbali.

Jibu fupi ni kwamba kiwanja kisiuzwe. Kamilisha SEAP na usajiliwe, anza sasa hivi kukusanya vipimo vya feni, omba ufadhili katika msimu ujao na unaofuata, na misimu hiyo miwili ikipita bila mafanikio, soma nyumbani kwa tasnifu itakayolishughulikia tatizo hilo hilo. Sababu zangu ni ndefu kidogo.

Nianze na mambo ambayo uzamili hautakufanyia. Hautakupa mhuri. Kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, mwenye mamlaka ya kukutambua kuwa mhandisi mtaalamu ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na bodi hiyo inataka kuona miaka yako ya kazi chini ya mhandisi aliyekutangulia, ikiwa imeandikwa na kuwekewa sahihi. Shahada ya pili haizibi pengo hilo. Nimewaona vijana walioacha mafunzo yakiwa yamebaki miezi minne au mitano, wakaenda kusoma, wakarudi na vyeti viwili vizuri na bado wakabaki kwenye orodha ya wahandisi wahitimu, wakianza kuwatafuta wasimamizi wao wa zamani ambao mmoja amestaafu na mwingine amehamia Mwanza. Wewe umeshavuka sehemu kubwa ya miaka mitatu ya SEAP. Kuondoka sasa ni sawa na kuliacha jembe shambani mvua ikiwa imeshaanza kunyesha.

Wala uzamili hautakupandisha cheo kiwandani kwa nguvu zake wenyewe. Meneja wa matengenezo anayeamshwa saa nane usiku kwa sababu tanuri limesimama anamtafuta mtu wa kumwambia feni imeharibikia wapi na itachukua saa ngapi kuirudisha. Kama hilo ndilo unalolitaka maishani, na ni jambo la heshima kulitaka, basi cheti cha uchambuzi wa mitetemo kwa kiwango cha ISO 18436-2, ngazi ya pili, kitakufikisha haraka zaidi: mafunzo ya darasani ya wiki moja hivi, mtihani, na uzoefu wa mwaka mmoja na nusu ambao tayari unao. Nasema hivi nikijua kwamba wenzangu wa vyuoni hawatafurahi kuusoma ushauri huu. Lakini mwajiri wa kiwandani akiwekewa mezani cheti hicho na shahada ya uzamili isiyo na tasnifu ya maana, mara nyingi atachukua cheti.

Kazi ya uzamili ni nyingine. Unakufundisha kukaa na swali moja kwa mwaka mzima au miwili bila kulikimbia, kulijengea kielelezo cha hisabati, kukipima kielelezo hicho dhidi ya mashine halisi, kukubali pale kinaposhindwa, kisha kuyaandika yote kwa namna ambayo mtu asiyekufahamu anaweza kuyarudia na kupata majibu yale yale. Anayehitaji uwezo huo ni mbunifu wa mitambo, mtafiti, mwalimu wa chuo, na mhandisi anayeitwa pale ambapo mafundi wazuri wamekwisha kubadilisha kila kinachobadilishika na tatizo bado lipo. Feni yenu imefika hapo.

Basi tuiangalie. Kwa maelezo yako nakisia kuwa ni ile inayovuta gesi ya moto kutoka kwenye tanuri kupitia saikloni (vyombo vinavyotenga vumbi na gesi), ikiendeshwa na mota ya poli sita, yaani karibu mizunguko 990 kwa dakika au 16.5 kwa sekunde. Gesi hiyo imebeba vumbi la malighafi, na vumbi hilo huganda kwenye mapanga ya feni kama ukoko kwenye sufuria, mara nyingi bila kuenea sawasawa. Chukua kilo moja tu iliyoganda upande mmoja, mita 1.2 kutoka katikati ya shafti. Kasi ya mzunguko ni karibu radiani 104 kwa sekunde. Itafutie kipeo cha pili, zidisha kwa 1.2 na kwa hiyo kilo moja, utapata nyutoni 12,900 hivi, ambazo ni sawa na mzigo wa tani 1.3 unaoivuta shafti huku na huku mara 16 na nusu kila sekunde, mchana na usiku, kwa sababu ya kilo moja ya vumbi. Beringi za rola nazo hazisamehi: umri wake hushuka kwa kipeo cha 10 gawanya kwa 3 cha mzigo, kwa hiyo mzigo ukiwa maradufu, umri unapungua takriban mara 10. Beringi iliyochaguliwa idumu miaka minne hufa ndani ya miezi isiyofika mitano. Wewe umeniambia beringi tatu katika miezi 14. Fanya mgawanyo mwenyewe.

Sisemi kwamba vumbi ndilo mkosaji. Huenda grisi ni ya aina isiyofaa kwa joto lile, au mafundi wanaipakia kupita kiasi. Huenda alaimenti ya kapulingi, yaani kunyoosha kiungo cha shafti ya mota na ya feni, hufanywa asubuhi mashine ikiwa baridi na hakuna anayefikiria itakuwaje ikishapata moto. Huenda pia beringi ya upande mmoja, ambayo ilipaswa kuachiwa nafasi ya kuteleza, imefungwa ikabana. Shafti ya chuma ya mita tatu ikipanda joto kwa nyuzi 100 hurefuka karibu milimita 3.6, na urefu huo usipopewa pa kwenda, hugeuka kuwa msukumo unaoitafuna beringi kwa ubavuni. Kila mkosaji huacha alama yake. Feni iliyokosa balansi hutikisika kwa wingi kwenye hezi 16.5 (mara 16.5 kwa sekunde), sawa na mzunguko wake. Kapulingi iliyopinda mara nyingi huonekana kwenye 33, maradufu ya hapo. Ufa kwenye pete ya nje ya beringi yenye rola 18 kwa safu hujitokeza karibu na hezi 119, ukitumia kanuni ya mkato ya 0.4 mara idadi ya rola mara kasi ya mzunguko. Mtu mwenye kipimo cha mtetemo na subira ya miezi sita anaweza kujua ni nani aliyeanza na nani amefuata.

Tasnifu yako ianzie hapo. Mwanafunzi asiye na mashine huandika pendekezo la utafiti lenye kichwa kama “Kuboresha ufanisi wa matengenezo viwandani”, na mimi mwenyewe niliwahi kuandika kitu cha namna hiyo, msimamizi wangu alikipiga mstari mmoja kwa kalamu nyekundu na kuniuliza, “Mashine ipi?” Wewe unaweza kuuliza: kwa kupima mtetemo wa hezi 16.5, joto la gesi na umeme unaotumiwa na mota kila saa, je, tunaweza kujua siku kumi kabla kwamba mapanga yanahitaji kusafishwa? Swali hilo lina namba ndani yake. Linaweza kushindwa, na kushindwa kwake kutakuwa na maana. Likifaulu, kiwanda kitasimamisha tanuri kwa saa chache siku iliyopangwa badala ya siku mbili ambazo hazikupangwa na mtu yeyote.

Naongeza tahadhari moja ya mikono, ambayo niliilipia kwa muda wangu. Nilipokuwa nakusanya vipimo vya uzamili, nilipima pampu moja kwa miezi mitatu nikitumia kihisi chenye sumaku, na kila mara nilikibandika pale pale, juu ya rangi nene ya nyumba ya beringi. Sumaku juu ya rangi hulegea kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na mitetemo ya kasi kubwa, ile hasa inayotangaza ufa mdogo wa beringi kabla haujakua, hufa ndani ya tabaka hilo. Vipimo vyangu vya chini vilikuwa sahihi, vya juu vilikuwa takataka, na niligundua siku ambayo fundi mchundo mmoja mzee aliyekuwa akinitazama kila wiki aliniuliza kwa upole kama vifaa vya kisasa vinaweza kusikia kupitia rangi. Kwa hiyo kwangua rangi, ulainishe chuma, weka alama ya mahali pa kihisi, na mahali hapo pasibadilike hadi siku ya mwisho. Omba pia kibali cha maandishi cha meneja kabla ya kuchukua kipimo cha kwanza, kikieleza kwamba takwimu hizo zinaweza kutumika kwa masomo bila kulitaja jina la kiwanda; kibali cha mdomo kina tabia ya kusahaulika meneja anapobadilishwa.

Sasa turudi kwenye chuo cha Uingereza. Kozi ya mwaka mmoja kule kwa kawaida ina krediti 180, na kati ya hizo 120 ni masomo ya darasani na 60 ni mradi wa utafiti. Ukitazama kalenda utaona kwamba unafika Septemba, unafanya mitihani Januari na Mei, na mradi unabanwa katika miezi ya kiangazi, Juni hadi mwanzoni mwa Septemba. Miezi mitatu haitoshi kwa mtu anayeanza bila chochote: kuagiza kifaa, kusubiri zamu ya maabara, kupima, kukosea, kupima tena. Wengi huishia kupewa mada na mwalimu, wakafanya uigaji wa kompyuta na kupata alama nzuri kwa kazi ambayo hawataigusa tena. Kwa anayefika akiwa na mwaka mzima wa takwimu za feni yake kwenye diski, miezi hiyo hiyo mitatu ni kazi tamu. Kozi hiyo basi si mbaya kwa asili yake. Tatizo ni kwamba leo ungekwenda mikono mitupu na pesa za kiwanja.

Na pesa zenyewe si haba. Ada ya uzamili wa uhandisi kwa mwanafunzi wa kigeni katika vyuo vingi vya Uingereza huvuka pauni 20,000, kabla hujahesabu pango, chakula, viza, nauli, na tozo ya huduma ya afya ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka. Wanaoshauri kwamba utazirudisha kwa kufanya kazi huko baada ya masomo wanakushauri kwa kutegemea kanuni za viza ambazo serikali ya huko huzibadilisha mara kwa mara, na kwa kudhani kwamba ajira ya mhandisi mgeni hupatikana ndani ya muda wa viza. Kiwanja cha mzee kikishauzwa hakirudi, na bei ya kiwanja kinachofanana nacho haitakusubiri. Mwambie baba kwamba umeshukuru, na umaanishe, kisha umwonyeshe mpango wenye tarehe ili asidhani umekata tamaa.

Kuhusu ufadhili lazima tuzungumzie GPA yako, kwa sababu 3.4 ni namba yenye bahati mbaya. Kwa mpangilio wetu wa alama tano, daraja la pili la juu huanzia 3.5, na wewe umesimama chini ya kizingiti kwa sehemu moja ya kumi. Ufadhili wa Commonwealth, yaani Jumuiya ya Madola, huweka daraja la pili la juu kama sharti la kawaida kwa uzamili. Vyuo vingi vya Ujerumani hubadilisha alama za wageni kwa kanuni inayoitwa ya Bavaria: toa alama yako kwenye alama ya juu kabisa, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwako ni 5.0 toa 3.4, yaani 1.6, gawanya kwa 3.0 (5.0 toa 2.0 ya kufaulu); zidisha kwa 3; ongeza 1; unapata 2.6. Kule namba ndogo ndiyo nzuri, na programu kadhaa huweka mpaka kwenye 2.5, ambayo ndiyo 3.5 yetu kamili. Usiogope, lakini usipoteze msimu mzima ukiomba programu zenye mpaka huo. Soma masharti kwanza na uchague zile zinazotazama uzoefu wa kazi au zinazoweka mpaka juu zaidi, kwenye 2.7 au 3.0.

Uzoefu ndio utajiri wako, na upo ufadhili uliotungwa kwa ajili ya watu wenye uzoefu. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ina mpango wa kozi za uzamili zinazohusiana na maendeleo, ambao hutaka angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada ya kwanza, na kwa kawaida shahada hiyo isiwe imezidi miaka sita; kwako mlango huo uko wazi hadi mwaka 2028. Orodha yake inaelemea nishati, maji na mazingira kuliko uhandisi mitambo mtupu, hivyo ungelazimika kuielekeza feni kwenye upande wa matumizi ya nishati, jambo ambalo halihitaji uongo wowote, kwa kuwa feni za namna hiyo ni miongoni mwa walaji wakubwa wa umeme kiwandani. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hutaka saa 2,800 za kazi, ambazo ni kama miaka miwili, na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Dirisha lake hufunguliwa Agosti, na insha zake zinataka uongozi zaidi ya milinganyo, kwa hiyo andika kuhusu zamu uliyoisimamia siku tanuri liliposimama. Japani, kupitia mpango wa ABE uliotangazwa mwaka 2013, imekuwa ikiwachukua vijana wa Afrika wenye ajira kwa uzamili unaoambatana na mafunzo katika kampuni, na ufadhili mwingine wa serikali yake huombwa kupitia ubalozi. China inatoa nafasi nyingi kuliko wengine, ila hakikisha lugha ya kufundishia imeandikwa kwenye barua ya udahili, la sivyo mwaka wako wa kwanza utakuwa wa kujifunza Kichina. Ningekuwa wewe ningeanza na Japani na Ujerumani, kwa sababu kote kuwili viwanda na vyuo hukaa meza moja, na swali la beringi halihitaji kuelezewa mara mbili.

Ukiamua Ujerumani bila ufadhili, kumbuka mambo mawili. Vyuo vingi vya umma havitozi ada, lakini jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasio raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München nacho kimeanza kuwatoza wageni tangu muhula wa baridi wa 2024. Pili, ubalozi utataka uonyeshe akaunti iliyofungwa yenye gharama za mwaka, ambazo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904. Hizo bado ni pesa za kiwanja, ingawa ni za kiwanja kidogo.

Nyumbani je? Watu husema “nikikosa nje nitasoma hapa” kwa sauti ya kushindwa, na sauti hiyo mimi siikubali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha uhandisi tangu 1973, na Ndaki yake ya Uhandisi na Teknolojia ina walimu waliotumia miaka mingi kwenye viwanda vyetu vya sukari, saruji na umeme. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ilijengwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu, na nguvu yake iko kwenye nishati na sayansi ya vifaa. Ng'ambo ya mpaka, Juja, kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ambako Umoja wa Afrika umeweka taasisi ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Chuo Kikuu cha Afrika, yenye ufadhili kwa wanafunzi wa bara zima. Sharti la kuingia kwenye vyuo vyetu kwa kawaida ni GPA ya 2.7, kwa hiyo 3.4 yako haina mashaka. Faida kubwa zaidi ni kwamba feni iko karibu. Utaweza kupima Jumamosi, kuchambua Jumapili na kumwona msimamizi wiki inayofuata, huku ukipokea mshahara, kama kiwanda kitakupa angalau ruhusa isiyo na malipo kwa siku za masomo. Ulinyimwa ruhusa yenye malipo kwa ombi la kwenda mbali; ombi la kukaa na kuitibu feni yao ni ombi jingine, na ningelipeleka likiwa na hesabu ya gharama ya beringi tatu na saa za tanuri kusimama.

Udhaifu wa nyumbani upo pia na nitautaja. Vifaa vya maabara huharibika vikakaa miezi vikisubiri kipuri, na wasimamizi wana wanafunzi wengi kuliko saa. Tasnifu iliyopaswa kuchukua mwaka hufika miaka mitatu, mara nyingi kwa sababu mwanafunzi na msimamizi hawakukubaliana mapema siku ya kukutana. Kabla hujalipa ada ya maombi, mtafute mtu atakayekusimamia. Mwandikie barua fupi: mimi ni nani, mashine ipi, nimepima nini kwa muda gani, swali langu ni hili, je, lina nafasi kwako? Ambatisha grafu moja tu ya mtetemo dhidi ya siku, yenye alama mahali beringi zilipobadilishwa. Mwalimu yeyote wa makanika ya mashine akiiona grafu hiyo atajibu, kwa sababu barua nyingine anazopokea zinamwomba “nafasi yoyote itakayopatikana”. Barua hiyo hiyo ndiyo ya kuwaandikia maprofesa wa Japani na Ujerumani, kwa Kiingereza safi.

Wakati unasubiri, urudie hisabati. Hapa ndipo wahandisi wa viwandani hujikwaa, kwa kuwa miaka mitatu ya spana hufuta kalikulasi kimyakimya. Unahitaji milinganyo ya mtetemo wa uzito na springi, matriksi, na mgeuzo wa Fourier, unaoutenganisha mtetemo katika hezi zake mbalimbali, kiasi cha kuuelewa bila kompyuta. Halafu uandike programu yako ya kwanza ya kuchambua mtetemo kwa Python, au kwa GNU Octave ambayo haina leseni ya kununua. Ukipima, kumbuka sharti la Nyquist: kasi ya kuchukua sampuli iwe zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaotaka kuuona. Kwa hezi 119 hilo ni rahisi, lakini dalili za mapema za beringi hujificha kwenye maelfu ya hezi, hivyo sampuli 25,000 kwa sekunde si anasa. Ukimaliza hapo, jaribu kuiiga shafti yenyewe kwenye programu huria ya elementi finaiti, inayoigawa mashine katika vipande vidogo vya kukokotoa, na utafute kasi zake za hatari, zile ambazo mtetemo hupanda ghafla.

Uliuliza kati ya mistari kama mashine zinazozunguka zina soko. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, na kila mmoja wake ni shafti, beringi na kitu kizito kinachozunguka. Kinyerezi kuna tabo (tabaini) za gesi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kwa kuwa mafuta yake yana nta, lazima yapashwe moto na kusukumwa na pampu njia nzima. Mtu aliyeielewa feni moja ya tanuri hadi kwenye milinganyo yake anaweza kuingia kwenye chumba chochote kati ya hivyo na kujua aanze kuweka mkono wapi. Kufundisha chuoni kutakuwa kugumu zaidi kwako, kwa sababu vyuo vikuu vyetu vinapoajiri wahadhiri wasaidizi huangalia na GPA ya shahada ya kwanza pia. Kama ndoto yako ni hiyo, uzamili wako utahitaji alama za juu sana, na huenda ukahitaji kupitia uzamivu.

Limebaki suala la udahili ulio nao mkononi. Usiukatae. Vyuo vya Uingereza mara nyingi hukubali kuahirisha udahili kwa mwaka mmoja vikiombwa kabla ya tarehe ya kulipa amana, na udahili ulioahirishwa utakufaa ukiomba Chevening, kwa kuwa wao huhitaji uwe na chuo kilichokukubali kabla ya kukupa pesa. Waandikie wiki hii ukieleza kwamba unakamilisha mafunzo ya usajili wa kihandisi, uombe kuanza mwaka unaofuata, na usilipe hata senti ya amana hadi wakujibu kwa maandishi.